Mwezi wa Kiranjeranje

Kiranjeranje,
28 Novemba 2025

Dada Mboni,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba tangu tuliposemezana. Mimi mwili hauna neno, ila roho haitulii. Leo nimefagia chumba mara tatu, na hakuna anayekichafua. Naandika kwa sababu nikipiga simu mama mkwe husikia kila neno. Jirani yangu Lightness ataipeleka barua kwenye basi.

Unajua ninavyozihesabu siku za eda. Tangu uliposema mama ananiulizia kila asubuhi, nimekuwa kama mtu aliyekalia siafu. Bi Mwanaasha, mama mkwe wangu, amezihesabu kwa kalenda ya ukutani: Iddi alifariki Alhamisi, tarehe 31 Julai, basi miezi minne na siku kumi inaishia tarehe 10 Disemba. Nikamwambia eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, nao ni mfupi. Akaniuliza nina haraka ya kwenda wapi. Nilikasirika, dada, nikaenda kuiwasha kompyuta ya marehemu.

Lightness, anayefundisha kompyuta sekondari, aliniambia kuna programu ndogo za kupachikwa ndani ya Excel, na moja hubadilisha tarehe za Kiislamu. Ya kwanza niliyopakua ilikataa, kumbe ni ya mashine za aina nyingine. Ya pili ikaingia lakini haikuonekana popote. Nikafunga, nikafungua, nusura niizabe kofi. Lightness akaniambia mashine huyafungia mafaili yanayotoka mtandaoni. Nilifungulie langu kwanza, halafu niende kwenye orodha ya nyongeza nikaliwekee tiki. Nikafanya hivyo, na neno Hijria likatokea pale juu! Nikapiga kigelegele, kisha nikakumbuka kuwa mimi ni mjane.

Nikaandika tarehe ya kifo tunayoijua sote, tano Mfunguo Tano, yaani Safar. Programu ikanijibu kwamba Iddi alifariki Jumatano. Jumatano, dada! Siku aliyokula wali wangu na kulalamikia chumvi. Nililia juu ya kibodi. Bi Mwanaasha alipokuja kutazama akasema huo ni mwezi wa Makka, sisi mwezi tunauona hapa hapa Kiranjeranje, na mwanawe hafi kabla ya siku yake. Nikatafuta mahali pa kusogeza siku moja, nikasogeza. Mwisho wa eda ukatoka tarehe 7 Disemba. Mama mkwe akasema basi iwe saba, atanisindikiza mwenyewe hadi kituoni. Nilishinda siku tatu, nikaanza kukunja nguo za safari.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miezi yote hii sikuona siku zangu, nikadhani ni majonzi. Jumatatu, nikiwa nakunja kanga, kitu kilicheza tumboni. Nikakaa chini. Kikacheza tena.

Dada, unajua maana yake. Mwenye mimba eda yake haina tarehe saba wala kumi, huisha akijifungua, na kwa hesabu yangu ni Mfunguo Mosi, miezi minne mbele. Mama, kwa ugonjwa wake huo, atanisubiri mpaka Mfunguo Mosi? Naogopa hatanisubiri. Nimewaza kunyamaza, nitoke tarehe saba, nije kwanza, niseme baadaye. Siku nne nimewaza hivyo, na siku nne nimemwona Bi Mwanaasha akikunja na kukunjua shati la mwanawe wa pekee, asijue kilichobaki cha Iddi kiko chumba cha pili. Nimeshindwa. Nikiifunga barua hii, namwita.

Basi kama mama anaweza kusafiri, nakuomba umlete huku, hata kwa kulala njiani. Mwambie mlango siwezi kuuvuka, lakini aje aweke mkono wake tumboni kwangu.

Nisalimie Bakari na wote wa Kinjumbi wanaoniulizia. Nguo za safari nimezikunjua.

Ni mimi mdogo wako,
Zuwena