Maombi ya Mama Kwa Baa

Mjomba Ondiek, huko Magadi,

Habari ya joto? Hapa Kitengela tuko salama, na kuku wako wanataga.

Umesikia wimbo mpya wa ndugu yangu Brayo? Ni wa klabu, lakini unaanza na marehemu Mama akiomba: "Baba, mbariki mtoto wangu." Walevi wanainua chupa wakiitikia amina. Kwa redio Brayo anasema anamweka Mungu mbele.

Hayo maombi Mama alimrekodia akiugua, mimi nikimshikia simu. Brayo hakuja. Sasa amekata mwisho, pale Mama alisema, "Brayo, kuja nikuone."

Baa inayoupiga wimbo huo iko chini ya nyumba yangu. Kila jioni nangoja Mama afike pale pa kumwita Brayo, halafu ngoma inaingia.

Mpwa wako,
Achola