Jicho la Kushoto la Eliza

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.

Dada yangu Salome,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, maana wanaotoka Njombe wanasema baridi ya safari hii imezidi. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na Mama Mkubwa, bado anakataa kuvaa miwani? Mie mwenyewe ni mzima, kazini naenda, stoo ipo kama ulivyoiona ulipokuja. Lakini siwezi kuandika kwamba sote hatujambo, kwa sababu wifi yako Eliza anaumwa, na kwenye simu nimeshindwa kukueleza. Chumba chetu ni kimoja. Kazini ni kelele za malori, na nyumbani kila nikikupigia yeye yupo pembeni anasikia, basi naishia kusema tunaendelea vizuri. Barua hii nampa dereva wa lori letu linalokuja huko kuchukua viazi.

Ni jicho lake la kushoto. Lilianza kutoa machozi mwaka jana, tukadhani ni vumbi la hapa kwetu. Akawa anajifuta na leso huku anashona. Miezi ikapita, machozi hayakatiki, asubuhi kope zimegandana mpaka azilowanishe na maji ya moto. Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, siku moja aliniita dukani kwake, akanikalisha kwenye kigoda kama mtoto.

"Festo, huyu mtoto wa watu unamfanya nini? Kila nikimwona analia."

Nikamwambia ni ugonjwa. Akaniangalia tu. "Wote huwaga mnasema hivyo," akasema, akarudi kukata vitambaa vyake. Nilitoka pale nimenyong'onyea, dada, na sikuwa na kosa.

Baadaye pakatoka uvimbe, hapa kwenye kona ya jicho karibu na pua, mkubwa kama harage, mwekundu. Ukiubonyeza usaha unatokea jichoni. Eliza alikuwa anampima binti mmoja gauni la harusi, ameinama anabana pindo kwa pini, tone likadondokea kwenye satini nyeupe. Mama wa binti alimvua mwanawe gauni palepale na kuondoka nalo bila kumaliziwa. Niliporudi kazini nilikuta cherehani imefunikwa na tepu imekunjwa. Habari nilizipata kwa jirani.

Tukaenda hospitali. Daktari wa macho, mama mtu mzima anayeongea polepole, alichukua bomba la sindano lisilo na ncha kali, akalielekeza kwenye kitundu kidogo cha kope, akasukuma maji. "Ukisikia chumvi kooni uniambie," alimwambia Eliza. Hakusikia chumvi. Maji yote yalirudi juu pamoja na usaha, yakamwagika shavuni. Daktari akatueleza kwamba machozi yana njia yake ya kushukia puani, na ya Eliza imeziba. Dawa zingetuliza uvimbe tu. Njia yenyewe ilihitaji upasuaji.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Alisema upasuaji uko wa namna mbili. Wa kwanza wanachana ngozi pembeni ya pua, wanatoboa kimfupa, wanaunganisha kifuko cha machozi na ndani ya pua. Wa pili wanapitia tunduni mwa pua na kamera ndogo, wanatoboa palepale, usoni hapaguswi. Huo wa pili hauachi kovu la nje na mgonjwa anapata nafuu mapema. Wa kwanza ni wa siku nyingi, yeye mwenyewe ameufanya miaka mingi na wengi wanapona. Nikamuuliza upi mzuri zaidi.

"Zote mbili zinafanya kazi, na kwa zote njia inaweza kuziba tena," akasema. "Mie nafanya wa nje. Wa puani anafanya mwenzangu, hospitali nyingine. Siwezi kukuchagulia kwa sababu ya uzoefu wangu tu."

Tukakaa kwenye benchi nje. Eliza akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Dada, mie nahesabu magunia. Nilikuwa naogopa. Nikisema wa nje akabaki na kovu usoni, ni mie. Nikisema wa puani ukashindwa, ni mie. Nikamwambia, "Uso ni wako, chagua wewe." Niliona kama namheshimu. Akasema wa puani.

Walimfanyia. Wakamwachia kimrija laini cha plastiki ndani ili njia isijifunge, akakaa nacho wiki nyingi, kila asubuhi anasafisha pua kwa maji ya chumvi. Walipokitoa, lile jicho likakauka kabisa. Akafunua cherehani. Nilikuwa nikirudi jioni nasimama mlangoni kumwangalia akishona bila leso mapajani. Bi Zuhura akamletea kitambaa cha mapazia. Yale mapazia yalikuwa hayajaisha machozi yalipoanza tena.

Tulirudi kwa yule daktari wa kwanza. Akasukuma maji, yakarudi. Akasema ndani pameota kovu, tundu limejiziba, na sasa anashauri wa nje. Tulipofika kwetu Eliza alifungua mlango. Akaweka mkoba mezani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuuliza, Festo. Nilitaka tuchague wawili."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Amefanyiwa jana. Kwenye fomu alisaini yeye, nami nikasaini kama shahidi. Nilisubiri kwenye korido tangu asubuhi. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, na kila mara alikuwa mgonjwa wa mtu mwingine. Walipomtoa alikuwa na bandeji jichoni na pamba puani iliyolowa damu. Daktari alisema imekwenda kama alivyotaka, kimrija kingine kimewekwa, na kama njia itabaki wazi tutajua baada ya miezi. Nilimuuliza nikiwa nyumbani nifanye nini. Akasema nimlaze kichwa juu, asipenge kamasi, asiiname, asinyanyue ndoo.

Basi ndiyo kazi yangu. Nimeomba ruhusa siku tatu. Nateka maji, nampikia uji, nampangia mito. Leo bandeji imetolewa, nimeuona mshono pembeni ya pua, nyuzi nyeusi, ngozi imevilia damu mpaka shavuni, jicho limevimba halifunguki. Aliniomba kioo. Nilisita, akakifuata mwenyewe ukutani. Akajitazama, akakirudisha, akauliza kama mapazia ya Bi Zuhura niliyafunika yasipate vumbi. Nikasema ndiyo. Baadaye nikamwambia, "Eliza, ningechagua na wewe." Akasema, "Najua." Kisha akageukia ukutani. Sijui maana yake ni amenisamehe au amechoka kunisikia.

Dada, sikuombi kitu cha kutuma. Wewe umenilea, nikiwa mdogo ulikuwa ukijua la kufanya hata nikiungua. Kama shemeji ataweza kubaki peke yake wiki moja, njoo. Eliza anaweza kukwambia wewe asiyoniambia mie.

Mfikishie shemeji salamu zangu na pole ya mgongo. Mama Mkubwa umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu, lakini habari za kukata uso usimwambie, atakosa usingizi. Baba Mdogo mwambie nimepata ujumbe wake na nitamjibu. Walimu wenzako wanaonifahamu wote wasalimie.

Wakati nakunja karatasi hii Eliza ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Anasema nikuandikie kwamba anaendelea vizuri, haumwi popote, usihangaike na safari. Nimeyaandika kama alivyosema, kisha nimempelekea barua nzima asome. Amesoma yote kwa jicho moja, mpaka mwisho, na amenirudishia bila kufuta hata neno.

Ni mie mdogo wako,
Festo.