Damu ya Baada ya Futari

Bujumbura, 4 Aprili 2025

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai Idi iliwakuta salama na kifua cha baba kimetulia. Mimi mzima, ila kazi za hapa labo hazinipi nafasi hata ya kukohoa.

Majibu ya damu niliyokutoa nilipokuja Rumonge yametoka. Kipimo kinachoonyesha mfupa unavyomomonyoka kwa wanawake wa umri wako, chako kiko chini, yaani vizuri kabisa. Karatasi hii hapa, ina muhuri. Mifupa yako ni ya msichana, mama. Endelea na shughuli zako.

Mwanao,
Aliya

Rumonge, 20 Aprili 2025

Mwanangu Aliya,

Waleikum salaam. Sisi wazima. Baba yako anakohoa na kulalamika, ndiyo afya yake.

Karatasi yako nimeifunga kwenye nailoni isiingie mafuta. Djibril, mwenye mashine ya kukamulia mawese, alinisihi nipumzike kwa vile mgongo unaniuma. Nikamtolea muhuri wako, akanijazia mafuta. Sasa natoka mashineni kwake Kizuka na bidoni ya lita ishirini kichwani, watu wananipisha njia. Nakuombea dua kila swala.

Mama yako

Rumonge, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Amahoro. Baba hajambo. Usishtuke ukiona mwandiko umelala, na mimi nimelala. Jumanne niliinama kunyanyua bidoni, mgongo ukalia kwa ndani. Sikuanguka wala sikusukumwa. Picha ya hospitali inaonyesha mfupa mmoja wa mgongo umebonyea.

Daktari anasema mifupa yangu imeisha siku nyingi. Nikamwambia amekosea, nikampa karatasi yako. Aliisoma, akaniuliza damu ilitolewa saa ngapi. Kwa nini aliuliza hivyo?

Mama yako

Bujumbura, 3 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne.

Damu ya kipimo kile hutolewa asubuhi, mtu hajala. Ukishakula, tena jioni, kipimo hushuka chenyewe hata kama mfupa unaliwa. Wewe ulikataa sindano mchana ukiogopa saumu itabatilika, nami sikutaka kubishana nawe mbele ya watu. Ningeweza kungoja Ramadhani iishe. Badala yake nilikutoa damu ukiwa bado unatafuna tende.

Nilijua, mama. Nilitaka kukuletea habari njema, nionekane nimesoma. Mgongo wako nimeuvunja mimi. Nisamehe.

Mwanao,
Aliya

Rumonge, 15 Julai 2025

Aliya,

Tumeamka salama. Naswali nimekaa. Kukusamehe nimekusamehe, saumu niliing'ang'ania mwenyewe, na maumivu niliyasikia nikayapuuza. Usijibebeshe yote.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jina la mama yako mdogo, Tahira. Jioni ile ulimtoa damu na yeye, kwenye mkeka ule ule, akiwa ameshashiba uji. Majibu yalipotoka ukamwambia naye yuko vizuri. Ulipokuwa ukilia juu ya mgongo wangu, hukumkumbuka?

Tangu nilale, mzigo wangu ameuchukua yeye. Leo asubuhi nimemwona dirishani anapita na bidoni, akanipungia mkono. Nimemkataza mara mbili. Anasema mimi naongea kwa uchungu wa kuumwa, na kwamba mwenye kujua mambo ya mifupa ni wewe.

Usiandike tena, wala usipige simu. Panda gari uje umwambie mwenyewe.

Mama yako