Wavunaji wa Chini ya Mwamvuli

Kudus, 3 Septemba

Binti yangu Wigati,

Mimi mzima, isipokuwa meno. Yamebaki mawili na hayaelewani. Mama yako mzima, ila vidole vimekakamaa kwa kusokota sigara za watu kutwa. Kikohozi chako je, na moshi wa Jakarta?

Umesema waajiri wameipa ofisi yenu kazi ya kupima pato la nchi linavyogawanywa, mishahara inapata ngapi na faida ngapi, na kwamba karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama mshahara wa kina mama yako utapanda. Mimi shule niliishia la tatu, tena kwa kuruka ukuta, lakini kugawa nakujua. Tulipovuna mpunga wa Haji Rukman, mafungu matano yake, moja letu. Mwaka mmoja akaleta mke na mashemeji, wakakaa chini ya mwamvuli, visu mkononi, suke hawakati. Kisha wakachukua kutoka fungu letu. "Nao ni wavunaji," akasema.

Nyie huko mnahesabuje?

Baba yako

Jakarta, 20 Septemba

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimepungua. Mama amepata dawa ya kuchua?

Swali lako limenichoma. Kila mwenye mshahara tunamweka upande wa mishahara, hata mwenye kiwanda, maana amejiajiri mwenyewe kuwa mkurugenzi. Fungu la wafanyakazi linaonekana nono. Nilimwomba bosi tuwatoe hao. Akacheka, akanipa kalamu. Ijumaa nitie sahihi au niache kazi.

Nifanyeje?

Mwanao Wigati

Kudus, 23 Septemba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Usitie. Rudi, mihogo ipo, na mimi nipo wa kukuchosha.

Baba

Kudus, 11 Novemba

Wigati,

Sikuulizi hali.

Barua yako haikuja, karatasi yako imefika. Mwenye kiwanda amewasomea wasokotaji wote: wafanyakazi tayari wanakula fungu kubwa, mshahara haupandi. Mwishoni akataja aliyeandika. Mama yako, masikio yake unayajua, alidaka jina tu. Akasimama, akapiga makofi peke yake. "Huyo wangu," akawaambia.

Sasa benchi zima amekaa mwenyewe. Ananiuliza wenzake wana nini. Nimemwambia ni wivu.

Anakusalimu sana.

Ngadimun