Nilichoandika Penye "Sababu ya Kuacha Kazi"

Chumba Na. 3,
Nyuma ya duka la fundi viatu,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Karani wa ukoo,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibembeleza? Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako goti limetulia, ulimi ndio haujatulia.

Nashukuru kwa fomu uliyonijazia. Pale penye "Sababu ya kuacha kazi ya awali" uliniwekea kwa penseli: "Kutafuta changamoto mpya." Nilicheka peke yangu. Mtu wa miaka hamsini na miwili atafute changamoto, kwani nilizonazo zimeniishia?

Lakini kosa si lako. Niliwaambia nyote kwamba niligombana na msimamizi juu ya likizo. Hatukugombana, mwanangu. Miaka kumi na tisa nimesafisha vioo vya maghorofa, nikining'inia kwenye kamba kama buibui. Siku ile nilikuwa ghorofa ya tisa, hakuna upepo wala nini, mikono ikashika kamba ikagoma kuiachia. Mama mmoja mhasibu akafungua dirisha, akanikamata mkanda, akanivuta ndani kama gunia. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanivua kofia. Kesho yake sikurudi kazini.

Nilijiambia, heri niitwe mgomvi kuliko mwoga.

Basi Jumatatu nilipeleka fomu kwenye karakana ya kukata vioo. Nilikuwa nimeifuta penseli yako, nikaandika kwa kalamu: "Niliogopa kupanda juu." Mwenye karakana, mama wa makamo, akasoma, kisha akavua miwani.

"Uliogopa siku ya kwanza?"

"Hapana. Ya mwisho."

"Na kioo je, unakiogopa?"

"Nakiheshimu."

"Mimi nakiogopa mpaka leo," akasema, akanionyesha vidole vyenye makovu. "Wasioogopa nimeshawapeleka hospitali wawili. Haya, kavae glavu."

Nimeanza siku hiyo hiyo.

Nyumbani nikamweleza mkaza mjomba wako yote. Aliendelea kukunja nguo. "Nilijua," akasema. "Tangu uache kazi, balbu zikiungua, nani anayepanda kwenye stuli?" Kumbe miezi minane ananitunzia siri ambayo sikumwambia. Nikashika upande wa pili wa shuka, tukaikunja.

Katika ukoo, wewe ni wa pili kuambiwa. Mama yako mwambie wewe, kwa upole; dada yangu hapendi kudanganywa, na mimi sina ubavu wa kumkabili. Nisamehe nawe, kwa kukupa uongo ukauandika kwa mwandiko mzuri vile.

Msalimie mumeo, na yule mdogo wako msema ovyo, na bibi mkubwa kama bado anasikia. Mungu akutangulie kila utokapo, akupokee kila urudipo.

Ni mimi nikupendaye bila kificho,
Mjomba wako, mkata vioo.