Nimefuta Video za Marehemu Mama Mkwe

Mshauri Wangare mpendwa,

Nakuomba unisaidie haraka kwa sababu hapa kwangu nimekuwa kama mgeni. Mke wangu Jepleting alimrekodi mamake kule Njoro kabla hajafariki mwaka jana, akisimulia vile walihamia lile shamba na akiimba nyimbo za kubembeleza watoto, na hizo video zote akaziweka kwa ile kompyuta yetu kuukuu ya nyumbani, sasa juzi mimi nikitaka kupakua video za ng'ombe wa maziwa, maana nanuia kununua mmoja, kompyuta ikasema imejaa, nikaona folda kubwa isiyo na jina, nikasema kitu hakina jina hakina mwenyewe, nikaifuta, na vile mimi ni mtu wa usafi nikamwaga hata pipa la taka la kompyuta, kisha nikapakua ng'ombe wawili.

Jioni Jepleting akaniambia, “Baba Abby, Jumamosi ndugu zangu wote wanakuja kwa ibada ya kumkumbuka mama. Tutawaonyesha zile video.”

Nikamwambia kompyuta ina virusi, isiguswe na mtu.

“Virusi gani?”

“Vya kuambukiza.”

Basi akaifunika na kitambaa cha meza, watoto wakakatazwa kuikaribia, na jana mchungaji alipopita kutusalimia akaombwa aiombee, akaiombea, na mimi nikaitika amina kwa sauti kuliko wote. Rafiki yangu Muiruri anasema niiwashe nipakue programu ya kurudisha faili. Mwingine anasema nimwambie mke wangu ukweli, lakini huyo hamjui Jepleting. Nifanye nini?

Kipkemoi, Free Area, Nakuru

*

Kipkemoi,

Pole, ingawa si nyingi. Mtu mzima hafuti kitu kabla ya kukifungua aone ni nini. Na kumwombesha mtumishi wa Mungu juu ya uongo wako, hilo utamalizana naye mwenyewe.

Hata hivyo, uongo huo umekufaa bila wewe kujua. Kwenye diski za zamani kama yako, faili ikifutwa haipotei papo hapo. Kompyuta huiona tu nafasi yake kuwa wazi, hadi kitu kipya kikalie hapo. Kwa hivyo kitambaa kibaki. Usiiwashe, na usimsikize Muiruri, kwa maana programu yake inaweza kuzikalia video unazozitafuta. Uliza kama bado ziko kwa simu iliyorekodi. Huwezi kumuuliza Jepleting hilo bila kumwambia ukweli, basi mwambie leo. Kisha mpelekee fundi hiyo kompyuta, umweleze yote bila kuficha, hata ng'ombe. Aisomee diski yako kwenye mashine nyingine, na atakachopata akihifadhi kwingine.

Wasomaji wangu, kwa vile Jumamosi ilikuwa imekaribia, haya nilimwambia Kipkemoi kwa simu. Baadaye alinieleza yaliyofuata. Jepleting alikiondoa kile kitambaa, akasema, “Beba hiyo kitu, twende.” Ile simu ya kurekodi ilishaharibika. Fundi alirudisha video zote isipokuwa mbili, zilizokaliwa na ng'ombe.

Kwenye ibada, katika video moja, marehemu alionekana akimuuliza bintiye hizo picha atazihifadhi wapi.

“Kwa kompyuta yetu, mama.”

Mama akafikiria kidogo. “Hiyo Kipkemoi hutumia? Basi mpe kaka yako pia.”

Kipkemoi, fanya alivyosema.