Nilimuuzia Dada Yangu Hisa za Kengele ya Reli

Mpendwa Mama Yuditha,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea tu heshima yangu. Naandika nikiwa na aibu ambayo hata padri sijaweza kumpelekea, ingawa nakutana naye kila Jumapili, na naomba sana unisaidie kabla ya mkutano wa wanahisa utakaofanyika Moshi mjini Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, maana nikiingia ukumbini siku hiyo bila kujua la kufanya nitaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi huku Kilema. Bei ya kahawa ilipoanguka kila mtu huku alianza kutafuta mahali pengine pa kuweka matumaini yake, wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, wengine wakawafuata ndugu zao Dar, na sisi wengine tukasikia habari za kampuni inayoitwa Njia Salama, ambayo ni ya mhandisi Valerian, kijana wa hapa hapa aliyesomea mambo ya reli Ulaya akarudi na mtambo wake wa kuwekwa pale reli inapokata barabara. Treni ikiwa bado mbali mtambo huo unaipata habari yake kwenye chuma cha reli, unapiga kengele, unawasha taa nyekundu na kushusha kizuizi wenyewe bila mlinzi, tena kwa nguvu ya jua. Alitukusanya siku moja kule bondeni, vijana wakasukuma kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, na kabla hakijatukaribia kengele ikalia na kizuizi kikashuka taratibu, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakavua kofia, na mimi nikasema moyoni kwamba mtoto wetu ametuletea kitu. Valerian akaeleza kuwa reli inabinafsishwa, na mwenye reli mpya atataka vifaa vya kisasa kutoka Tanga mpaka Arusha, kwa hiyo anayeingia mapema ndiye atakayefaidi. Tukanunua hisa, tena wengi, na wanahisa wa Kilema wakanichagua niwe mwenyekiti wao, nikawa siitwi tena Mwalimu, naitwa Mwenyekiti, na sitakuficha Mama, nililipenda sana jina hilo.

Mwaka huu mwanzoni tulikuwa na mkutano, na mzee mmoja kutoka Sanya Juu akasimama akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa hatujalifikiria, kwamba huo mtambo mnunuzi wake ni nani, na Valerian hakuficha, alisema mnunuzi ni mmoja tu, ni yule atakayekabidhiwa reli, naye hajulikani ni nani wala atakuja lini. Ukumbi ukagawanyika. Wengine walisema mtambo ni mzuri na kitu kizuri hakikosi mteja, wengine wakasema uzuri wa kengele si hoja kama treni yenyewe haipiti. Nikasimama mimi, Mwenyekiti, nikazungumza juu ya uvumilivu, nikakumbusha jinsi babu zetu walivyoisubiri mibuni ya kwanza mpaka ikazaa, nikapigiwa makofi mengi. Lakini nilipotoka nikapita stesheni, nikakuta mbuzi wanakula majani katikati ya reli bila wasiwasi wowote, na mwenye mbuzi amelala pembeni amejifunika uso kwa kofia yake, na hapo hapo niliingiwa na hofu, nikaamua kwamba hisa zangu lazima nizitoe.

Sasa nitamuuzia nani? Mwenyekiti akionekana anauza, kesho yake wote wanakimbia na hakuna anayenunua. Ndipo nilipomfikiria dada yangu Hilaria, Mama, na hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Hilaria ni dada yangu mkubwa, mjane, aliolewa kijiji cha jirani. Tulikuwa hatusalimiani tangu tulipomzika mama, kwa sababu mama alimwachia kwa mdomo mashina ya kahawa yaliyo nyuma ya nyumba, na mimi nikasema hakuna shahidi, kihamba, shamba la ukoo, ni cha mwana wa kiume. Hata kanisani alikuwa anakaa upande mwingine. Basi nikakata jani la isale pale mpakani, jani letu la kuombea msamaha, nikachukua na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, nikaenda kwake. Wewe kama ni mtu wa huku unajua, aliyekosa akikuletea isale huna namna ya kumkatalia, ukimkatalia wewe ndiye unayeonekana mbaya mbele ya ukoo na mbele ya waliotangulia. Alilipokea, akalia, akanishika kichwa kama nilipokuwa mtoto, na akiwa bado analia nikamwambia kwamba ili aamini nimerudi kwa moyo wangu wote nataka tuwe kitu kimoja hata katika mali, nitamuuzia hisa zangu za Njia Salama, azipate mkononi mwangu kabla hazijapanda, na asiwe na shaka juu yangu kwa sababu mimi ninazo nyingine. Sikuwa na nyingine hata moja. Aliuza mtamba wake, ambaye alikuwa anamkatia majani kwa mkono wake tangu akiwa ndama, akanilipa, na akanishukuru.

Zile pesa nilimalizia nyumba, nikaweka dari na vigae. Hilaria alipokuja kuiona alizunguka vyumba vyote akisema Mungu ameibariki hiyo kengele yetu, akaamini kwamba nyumba imetokana na faida ya hisa, nami sikumsahihisha. Akaenda akawaeleza wanawake wa jumuiya yake, wengi wao wajane kama yeye. Sasa kampuni inatoa hisa mpya ili ijiandae kumpokea mwenye reli, na wale wanawake wamekubaliana kununua pamoja, kuna anayeuza mbuzi, kuna anayeuza magogo ya miti aliyoachiwa na marehemu mumewe, na wote watakuja mkutanoni. Juzi baada ya misa Hilaria alinishika mkono mbele yao akaniambia, "Mdogo wangu, wanasema wakikusikia wewe inatosha. Usituletee maneno ya wahandisi, sema tu kama ulivyoniambia mimi."

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti. Mke wangu Digna alinibana mpaka nikamweleza yote, hakupiga kelele, alisema tu, "Baba Violet, mimi humu ndani sina raha tena," na sasa anashinda jikoni kule nje.

Naomba unishauri Mama. Nikisema ukweli wangu kwamba siioni kampuni inakokwenda, wataniuliza kwa nini basi ninazo hisa, maana wanadhani bado ninazo, na dada yangu ataaibika mbele ya wenzake, na Valerian ambaye hajamwibia mtu nitamvunjia kampuni. Nikisifu, wale wajane watauza vitu vyao. Nimewaza nijilaze hospitali ya Mawenzi siku mbili tatu nisingizie presha mpaka mkutano upite, au nizungumze maneno ya katikati yasiyompeleka mtu huku wala huko. Je, nifanye lipi kati ya hayo? Na kama treni zitarudi na hisa zikapanda, si itakuwa nimemfanyia dada yangu jambo jema bila kujua?

Ni mimi Mwenyekiti asiyeweza kujitazama kwenye kioo,
Kilema

MAMA YUDITHA ANAJIBU

Mwalimu, maana hilo la Mwenyekiti naona linakulevya, marahaba.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu aibu uliyo nayo ni ya kweli, na mtu asiyeona aibu asingekosa hamu ya kula. Lakini sitakupangusa machozi sana, kwa sababu barua yako nimeisoma mara ya pili na imenipandisha hasira.

Tuanze na hilo swali lako la mwisho, la treni kurudi. Liache kabisa. Mimi sijui kama Njia Salama itapanda au itakufa, na wewe hujui, na huyo Valerian mwenyewe amekuambieni wazi kwamba hajui, na hapo namheshimu. Kampuni yenye kifaa kizuri na mnunuzi mmoja ambaye bado hajazaliwa ni mahali ambapo mtu mzima anaweza kuweka pesa yake akijua anachofanya, na mwingine akaogopa akaitoa, na wote wawili wasiwe wajinga. Hofu yako haikuwa kosa. Kuuza hisa si dhambi. Ulichokosa ni kuichukua hofu yako ukamuuzia dada yako ukiiita upendo. Hisa zikipanda mara kumi bado utakuwa ulimdanganya, kwa hiyo usikae ukiombea treni ili ikusafishe.

Kuhusu isale sijui hata nianzie wapi. Nimezaliwa kule Mkuu, nimeolewa Marangu, nimeona watu wakipelekeana isale kwa damu iliyomwagika, kwa ndoa zilizovunjika, kwa mtu aliyechomewa nyumba, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia kufungulia biashara. Ulimpelekea kitu ambacho hawezi kukikataa, kisha ukiwa bado mlangoni ukamwekea na jambo la pili juu yake. Angesemaje? Na kuna kitu kingine hukukiona ulipokuwa unaandika, mimi nimekiona. Umenieleza jani, umenieleza kibuyu, umenieleza machozi yake, umenieleza mpaka vigae vya nyumba yako. Mashina ya kahawa ya mama yako je? Katika barua ndefu namna hii hakuna mahali uliposema ulimpa. Ulisamehewa kosa ambalo mpaka leo unaendelea kulitenda, na asubuhi ukiamka unalichungulia dirishani.

Kulazwa Mawenzi usithubutu, kuna watu wanaumwa kweli wanahitaji hicho kitanda. Maneno ya katikati pia achana nayo. Wanawake hawa hawatakusikiliza maneno, watakuangalia uso, na wewe una uso wa mwalimu mkuu, ukikohoa tu watanunua.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi ya mkutano. Wiki hii hii nenda kwa Hilaria, na kabla ya kwenda ongea na Digna ajue unakwenda kusema nini, maana amekaa jikoni vya kutosha. Uende mikono mitupu. Usipeleke mbege, usimpeleke padri wala mzee wa ukoo wa kukusemea, na isale usiliguse kabisa. Mwambie kwa maneno mafupi: nilikuuzia kwa sababu niliogopa, nilikuambia ninazo nyingine nikakudanganya, dari na vigae vya nyumba yangu ni mtamba wako. Halafu mwambie mashina ya mama ni yake kuanzia siku hiyo, hata akikutemea mate, na mvuno unaokuja aje yeye na watoto wake kuchuma. Hilo lisifungwe na lolote, lilikuwa lake hata kabla ya reli.

Kuhusu hisa, mpe uamuzi. Kama anataka kuzirudisha, zipokee na umletee mtamba wa umri ule ule aliokuwa nao yule, na kama huna uwezo uza makochi, uza mlango wa mninga, ng'oa hata hivyo vigae. Lakini usishangae akisema anazitaka. Huenda mama huyu ana mawazo yake juu ya treni kuliko wewe unavyodhani, na ana haki ya kuwa nayo, mradi sasa anayapima akijua yote na si kwa sababu mdogo wake amemlilia.

Mkutanoni utakwenda, utasimama mapema kabla watu hawajafungua pochi, na utasema mambo mawili tu: kwamba uliuza hisa zako zote ukiwa bado unawahimiza wenzako wasubiri, na kwamba uenyekiti unaurudisha. Dada yako usimtaje, jina lake si lako la kutaja. Habari za kampuni mwachie Valerian azieleze kama alivyozieleza mwanzo, kwa ukweli wake. Akishindwa kuuza hisa kwa sababu watu wamejua ukweli, hukumvunjia kampuni wewe. Wale wajane wakitaka kununua baada ya hapo, wanunue, ni watu wazima.

Unaogopa dada yako ataaibika. Mwalimu, anayeogopa kuaibika ni wewe. Yeye atakasirika, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Pengine atanyamaza, pengine atakufukuza, pengine atarudi kukaa ule upande mwingine wa kanisa mpaka mmoja wenu azikwe. Ukifika kwake simama nje uani, sema ulilojia, kisha nyamaza umsubiri. Mara ile hukumwachia nafasi ya kukukatalia. Safari hii akikuambia ondoka, ondoka, na usimlilie.